Nyumba Hii ni ya Sidi

Sikilizeni wanangu, na wewe Baya sogea karibu, kwa kuwa wewe ndiwe mkubwa na maneno mengi leo ni yako. Kafedha, niinue mgongo kidogo, hivyo. Chengo, usikae mlangoni kama mgeni. Tumbo lililokuzaa ni la Sidi, lakini mikono iliyokulea ni yetu sote, na humu una haki kama ya wenzio.

Mimi Kanze sijapata kuombwa ruhusa na dunia. Baba yenu Mwarandu, Mungu amrehemu, alitoka asubuhi moja kwenda Rabai kutazama ng'ombe, akarudi na msichana mwenye kikapu kichwani, akaniambia, "Kanze, huyu ni Sidi, mwenzio." Basi, hakuongeza neno. Watu wa kanisani wakanishauri nirudi kwetu, nikawaambia shamba lile nimelilima mimi, siliachi kwa sababu ya kikapu. Nikakaa, yeye na mafiga yake na mimi na yangu, ua katikati, na miaka ikapita hatusemezani ila la kumwita mtoto.

Kisha Mwarandu akafa kwa homa, na kaburi lake halijaota nyasi vita vikaja, na watu wa vita wakataka pale petu Port Reitz pawe mahali pa kutua ndege. Akaja tarishi kutuambia tuhame kabla ya mahindi kukauka. Majirani walilia, wengine wakarudi Kaloleni kwa jamaa zao. Mimi nilitandika mkeka mbele ya mlango nikakaa, nikasema mashine ije inikute hapa.

Aliyekuja si mashine, ni Sidi, panga mkononi. Akasimama mbele yangu akasema, "Dada, mashine haina macho ya kukuonea haya. Nyanyuka tung'oe nguzo, tusiwaachie hata mlango."

Nilijua ndugu zake wamekwisha kuja kumchukua, naye akakataa. Nikamwuliza, "Mbona hukwenda kwenu?"

Akanijibu, "Kwetu wapi tena? Watoto wako hapa."

Lisilobudi hutendwa, wanangu. Nikanyanyuka. Tuliing'oa nyumba nguzo kwa nguzo, tukavunja mahindi yakiwa mabichi tukayachoma njiani, na mlango tukaubeba yeye mbele mimi nyuma mpaka huku Changamwe, ambako mzee Nguma, rafiki wa baba yenu, alitupa kipande hiki mbele ya mashahidi kiwe chetu. Wanaume walisimama wakatucheka, wanawake tumepanda juu ya paa tunaezeka. Masika yalipoingia wakaja kujibanza kwetu, maana mapaa yao yalikuwa yanavuja. Nguvu ya kujenga mbili hatukuwa nayo, tukajenga moja na jiko moja, na humo tukashona makuti kutwa, mpaka kambi za askari zikaezekwa kwa makuti yetu. Kwa makuti hayo Baya ulisoma ukapata kazi ya reli, na Kafedha ukaolewa ukitoka nyumba yenye heshima. Hatukuomba tonge kwa mtu. Nakwenda na shingo yangu wima, na nyinyi pia yatawajia msiyoyachagua. Lieni kidogo, kisha tazameni kinachobebeka, mkibebe.

Sasa Baya. Ugonjwa umenilaza, haukuniziba masikio. Nilikusikia ukimwambia mkeo kwamba nikishazikwa mama mdogo atarudi kwao, nawe ubomoe ujenge ya bati. Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi, mwanangu. Bati jenga, sikukatazi, mimi si mtu wa kulilia kuti. Lakini chumba cha kwanza utakachosimamisha ni cha Sidi, na nyumba hii ni yake maadamu yu hai, hakuna wa kumtoa humu ila Mungu. Siku atakayotangulia, ndipo mgawane watatu sawasawa, na Chengo asipunjwe kwa kuwa ni mdogo.

Mnizike hapa hapa. Nasikia mnataka kuomba ruhusa mnipeleke alikolala baba yenu, msiombe. Pale ndege zinatua, nami nataka kulala. Matanga yawe ya chakula cha kushiba, si ya maneno, na wa kupokea rambirambi mbele ya wote awe Sidi.

Maji... ahsante, Kafedha, yatosha.

Sidi, njoo ukae hapa kitandani. Baya, msalimu mama yako, nisikie... Toa sauti, mwanangu, mimi masikio ndiyo niliyobaki nayo...

Naam. Kakuitikia. Marahaba hiyo ishike, ni mali kuliko kiwanja.

Radhi zangu nimewapa, wote watatu, sikubakisha. Mungu awape... awape wa kuwaitikia nanyi mkizeeka. Pumzi inakuwa nzito. Haya, tokeni nje kidogo, wanangu. Sidi abaki.