Chekeche la Shangazi Haling'oki

Kwanza niseme hivi katika jarida letu: katika idara hii ya mitaro hakuna aliyezaliwa na bahati kama mimi. Juzi ilipigwa kura ya nani atarithi chekeche la Shangazi, watu wakagombea kama kuku waliomwagiwa mtama, na kura ikaniangukia mimi. Sasa tuendelee.

Shangazi, kama sote tunavyomwita kazini, amefagia na kuzibua mitaro ya maji ya mvua kwa miaka thelathini na mmoja, na leo, tarehe thelathini Juni, anastaafu. Alianza na koleo na ndoo, akapanda hadi kuongoza kikosi chetu. Hakuna kati yetu ambaye hajawahi kufokewa naye asubuhi, kisha mchana akakatiwa nusu ya mkate wake.

Chekeche alilitengeneza mwenyewe kwa wavu wa waya, akalifunga pale mtaro mkuu unapomwaga maji baharini. Mvua ikinyesha, yumo ndani ya koti lake anakung'uta: vipande vya chupa, nyuzi za viroba, makombo ya plastiki madogo kuliko punje ya mchele. Sisi kazi yetu ilikuwa kuwasema wakazi, kwamba wanalisha samaki takataka, kisha samaki haohao tunawala sisi.

Mpaka zikaonekana nyuzi za buluu. Tuko vikosi vitatu, na kila kikosi kina mafagio ya rangi yake ili tusiibiane: mekundu, ya kijani, na sisi ya buluu. Shangazi akamwaga chekeche juu ya gunia, akatuita wote, akatenga rangi kwa rangi. Kumbe mafagio yetu ya plastiki yananyonyoka kwenye saruji, na mvua inazibeba nyuzi zake hadi baharini. Chungu ya buluu ilizipita zote, na mfagiaji mwenye nguvu kuliko wote katika kikosi cha buluu mnamjua, ndiye anayeandika hapa. Mkuki kwa nguruwe.

Kesho yake Shangazi akaja na fagio la chelewa, zile njiti za makuti ya mnazi. Mkuu wa idara akalalamika: mafagio mapya yamejaa stoo, Shangazi, tutayapeleka wapi? Akajibiwa afagie nayo ofisini kwake, huko hakunyeshi. Vikosi vyote vikashika chelewa, na tangu hapo chekeche halijanasa uzi wa fagio.

Sasa mkuu ametangaza kwamba Shangazi akiondoka, chekeche litang'olewa na mafagio ya stoo yatarudi. Eti plastiki nyingi ni vumbi la matairi ya magari, nalo ni laini mno, linapita tu kwenye wavu, kwa hiyo ni kazi bure. Shangazi alimuuliza mbele yetu: meno nayo yanapitisha mate, mbona hujayang'oa?

Mkuu, najua utasoma hapa, maana picha yako iko ukurasa wa mbele wa jarida hili. Chekeche haling'oki. Ukimtuma mtu na koleo, atanikuta nimesimama mlangoni mwa mtaro, na mimi si mwembamba.

Shangazi, asante kwa kutufokea. Nenda ukalale mvua ikinyesha, maana hilo hujawahi kulijaribu. Tunakutakia maisha mema na miguu mikavu.

Na ile kura, nilidanganya. Haikupigwa, na hakuna aliyegombea. Nilimfuata mwenyewe nikamwomba, akanipa na koti.