Si Wangapi, Ni Akina Nani: Maisha ya Mzee Sinia

Idara ya Maji ilikwisha kutangaza, na tangazo bado limebandikwa mlangoni mwa ofisi zake, kwamba mto unaopita katikati ya mji wetu ni mzima, kwa ushahidi wa wingi wa wadudu waishio ndani yake. Wadudu hao aliwahesabu marehemu. Tangazo hakuliandika yeye.

Alizaliwa tarehe 9 Machi 1956, kitindamimba wa kwanza wa fundi cherehani, cheo alichokishika mpaka nilipozaliwa mimi. Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya daraja la mto wetu, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1979 akahitimu chuo cha maabara. Walimu walimsifu kwa subira. Nyumbani tuliiita uzito wa kuamka.

Idara ilimwajiri Januari 1980. Kazi yake ilikuwa kusimama mtoni, kupiga mawe teke ili wadudu watoke, kukinga wavu, na kumwaga kilichonaswa kwenye sinia nyeupe; ndipo akaitwa Mzee Sinia. Mdudu wa mikia miwili huishi penye maji safi tu. Yakichafuka, yeye ndiye hufa wa kwanza. Funza wekundu hustawi hata penye uvundo. Kiwanda cha ngozi kilipofunguliwa upande wa juu wa daraja, yanakotoka maji, wa mikia miwili alitoweka, funza wakajaa.

"Wadudu si hao wamejaa?" mkuu wake alimwuliza. "Unataka nini tena, mzee?"

"Nataka tuseme ni akina nani, bosi. Hata wodini watu wamejaa, na hatusemi ni harusi."

Alirudia maneno hayo mpaka alipostaafu mwaka 2016. Miaka ya mwisho aliyasema huku amekwisha kuvaa koti.

Alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1984. Siku wakwe walipokuja kula, mama mkwe alimkuta ruba ukingoni mwa sinia ya chakula.

"Mkwe wangu, na huyu mmemwalika?"

"Hapana, mama. Huyo hangoji mwaliko. Huvumilia popote."

Kesho yake mkewe alinunua sinia ya pili.

Mwaka 2021 moyo wake ulianza kushindwa kazi. Miguu ilivimba, mtoni hakufika tena. Kila Jumamosi binti yake alimletea sinia ya wadudu wa mtoni kitandani, kwa kuwa alikuwa na haja moja tu: kumwona tena wa mikia miwili. Alivaa miwani, akatazama, akaivua.

"Haya, warudishe kwao, mwanangu. Tutaona wiki ijayo."

Alifariki Ijumaa, tarehe 2 Juni 2023, akiwa amelala.

Ameacha mjane, binti mmoja, dada yetu mkubwa, na mimi mdogo wake. Apumzike kwa amani, maana kueleza kulimchosha.

Leo ni Jumamosi. Kabla ya kuja hapa makaburini, binti yake alishuka mtoni na wavu, kama kawaida. Funza wekundu, wengi sana.