Makuti Niliyomshonea Bavyaa

Amani ikae nasi humu ndani, mama zangu na dada zangu. Mmeniona nimeingia kwa mlango wa nyuma, sikumpa mtu mkono, nikakaa mwisho wa benchi karibu na dirisha. Si kiburi. Mwenyekiti wetu aliniomba nieleze nilivyopita katika taabu yangu, nami nikamwomba mambo mawili: nisome, maana nikisema bila karatasi maneno hunitawanyika, na kwaya isiguse ngoma mpaka niwe nimetoka. Amekubali. Sitamtaja mtu kwa jina. Waliomo humu wanajijua, na wengine tumekwisha kuwazika.

Nilizaliwa Tezo, kwa wakulima. Tangu utotoni sauti huniingia mwilini. Sisemi kwamba kelele huniudhi, kwa maana kelele humuudhi kila mtu. Nasema ngoma ikipigwa karibu naisikia katika meno na katika mifupa ya kifua, na nikikosa pa kukimbilia, sijui tena mikono yangu iko wapi. Mtu akinishika ghafla, naona kama nimewekewa kaa la moto. Na nikimtazama mtu usoni sana, sisikii anachosema. Lazima nichague, nitazame au nisikilize.

Mama yangu hakulitafutia jambo hili jina. Alinipa kazi ya kushona makuti nyuma ya nyumba, mbali na njia. Unakunja jani la mnazi juu ya kijiti, unalifunga kwa ukambaa, unakunja jingine. Nikishona hutikisa mwili mbele na nyuma, na moyo hutulia. Shule niliiacha mapema kwa ajili ya makelele ya darasa. Kusoma nimejifunza ukubwani, kwa masomo ya gumbaru na kwa vipande vya magazeti vinavyofungiwa sukari dukani.

Niliolewa hapa Matsangoni na fundi wa kuezeka. Alikuwa akipita kwetu kununua makuti ya kuezekea mahoteli ya Watamu, na siku moja akasema mafundo yangu yamekaza kuliko ya watu wote wa Tezo. Posa nyingine sikuihitaji.

Taabu ilianza na salamu. Mnajua salamu zetu za asubuhi: umeamkaje, wa nyumbani wameamkaje, watoto je, wazee je. Mimi nikiulizwa swali hulijibu. Asubuhi moja mavyaa, mama wa mume wangu, aliniuliza wa nyumbani wameamkaje, nikamwambia, "Mmoja anakohoa, mmoja hajaoga, na baba wa nyumba ameamka na hasira kwa sababu amekosa kiatu."

"He! Mkazamwana," akasema, "nimekusalimu, sikukuomba ripoti ya chifu!"

Watu walicheka, na bavyaa, baba wa mume wangu, zaidi ya wote. Mzee yule alikuwa mgema, na uzee ulipomzuia kupanda minazi akabaki kunoa kisu chake tu. Kila asubuhi alikuja kukaa karibu na mimi nikishona. Hatukusemezana. Yeye ananoa, mimi nashona. Mtu akija kunisumbua kwa maneno, mzee husema, "Mwacheni, ana kazi." Nilimpenda kuliko nilivyoweza kumwambia.

Kisha mzee akafa.

Ndugu zangu, nyote mnalijua hanga, matanga yetu, la mzee wa mji. Watu walijaa mpaka barabarani. Wanawake walipokelewa kwa kilio, na kila kundi jipya lilipofika kilio kilianza upya, na ngoma zikaja, na mikono mia ikataka kunishika kwa sababu mimi ni mke wa mwana. Nilijaribu. Nilisimama na wifi zangu pale kwenye kibanda cha waombolezaji. Kilio kilipanda, ngoma ikanishika meno, nikaona giza. Nilitoka mbio. Nikajiziba masikio kwa sufi, nikaingia shamba la muhogo lililo nyuma, nikakaa chini na majani yangu ya mnazi, nikashona. Nilishona mpaka walipomaliza kumzika.

Niliporudi, macho yangu yalikuwa makavu. Wifi yangu mkubwa alinitazama toka juu hadi chini, akawaambia wenzake kwa sauti ya kusikika, "Mtu ameliwa. Aliyekula halii."

Humu ndani hakuna asiyejua maana ya neno hilo kwetu. Mzee amekufa, na mmoja wa nyumbani hakumlilia, basi huyo ndiye aliyemla kwa uchawi. Hakuna aliyeniita mchawi mbele ya uso wangu. Waliwavuta watoto wao nilipopita. Nikiteka maji, ndoo ya pili ilingoja mpaka niende zangu. Nilikuwa na binti anayenyonya, na alipougua homa, mavyaa alimchukua akalale kwake. Homa ikaisha, mtoto hakurudi.

Nilitaka kusema. Nilijua nilichokuwa nacho, lakini sikuwa na maneno yake, na kila nilipojaribu, walinitaka kwanza niwatazame machoni, na nikiwatazama maneno yalikimbia. Mtu asiyetazama machoni ana la kuficha. Basi kunyamaza kwangu kulikuwa ushahidi, na kusema kwangu kulikuwa ushahidi.

Wakaamua kunitibu. Hawakuwa na nia mbaya, nawaambia kweli. Walisema ni pepo, na pepo kwetu hupungwa kwa ngoma. Alasiri moja mganga aliitwa, wakaniketisha katikati ya uwanja, nikafunikwa nguo kichwani, zikapigwa ngoma pande zote karibu na masikio yangu. Nilipiga kelele. Nikaanguka, nikauma mkono wangu mwenyewe. Kovu hili hapa. Watu wakashangilia: "Kapanda! Pepo kapanda!" Kadiri nilivyoumia ndivyo walivyozidi kusadiki, na kadiri walivyosadiki ndivyo walivyozidi kupiga. Nilipozimia walisema ametulia, dawa imeingia. Baada ya majuma machache wakarudia.

Ilipokosa kufaa, wakanileta kanisani. Mama zangu, mtanisamehe, wengine wenu mlikuwapo. Mlinizunguka kwa upendo, mkaniwekea mikono kichwani wote kwa pamoja, mkaomba kwa sauti kuu, na kwaya ikapiga ngoma. Nilianguka vilevile. Mkasema vilevile. Ndipo nikaelewa kwamba kwa mganga na kwa Bwana mimi ningeumizwa kwa kitu kimoja, na hakuna mlango wa tatu.

Kumbe mlango wa tatu ulikuwapo, nao ni hospitali. Nilipewa vidonge nikawa nalala mchana kutwa. Mikono ikawa mizito, mafundo yakalegea, maziwa yaliyobaki yakakauka. Watu walisema sasa afadhali, kwa sababu nilikuwa kimya. Mume wangu alikaa kando yangu jioni, akachora mchanga kwa kidole.

Mavyaa akatoa kauli mbele ya wazee: mahindi yakivunwa na mimi bado niko hivi, nirudi kwetu Tezo, mtoto abaki kwa baba yake. Kwa kawaida yetu mtoto ni wa mji wa baba. Mahindi yalikuwa yameshafika magotini.

Aliyenisaidia alikuwa mama wa Kiislamu kutoka mji wa Malindi, mwenye buibui na Kiswahili kilichonyooka. Alikuwa mshauri, kazi ambayo sikujua kwamba ipo. Alikuja zahanati yetu kila juma kuzungumza na wanawake wenye mzigo moyoni. Muuguzi wa kupima watoto ndiye aliyenituma kwake, kwa kuwa nilikuwa nakuja kliniki siku ya kupima nisimame mbali nimwone binti yangu mgongoni kwa bibi yake.

Nilipoingia nilisimama mlangoni. Nilingoja kuambiwa nimtazame. Yeye alitandika mkeka chini ya dirisha, akakaa akiangalia nje, akaniachia nafasi ubavuni.

"Karibu, mwanangu. Kazi yako ni ipi?"

"Kushona makuti."

"Basi juma lijalo njoo na makuti yako. Mimi nina kofia ya mjukuu, naidarizi. Tutafanya kazi, na maneno yakija yatakuja."

Yalikuja. Aliniuliza habari zangu zote, si za hanga tu. Ninalalaje. Ninakula nini, na kipi hakipiti kooni. Saa gani ya mchana ni nzito. Ngoma inaanzia wapi mwilini. Nani nikiwa naye napumua vizuri. Nilimjibu kila swali kwa urefu wake, hakusema nimemletea ripoti. Siku moja nikamwuliza lini atanitoa pepo.

Aliweka sindano chini. "Mimi sioni cha kutoa. Watu hawakuumbwa kwa kipimo kimoja. Wewe umeumbwa unasikia sana, na unalisema jambo lilivyo. Ukikaa penye ngoma utaumia leo, na utaumia ukiwa mzee. Nikikwambia nitakuponya nitakuwa nakudanganya. Naweza kukusaidia uishi hivyo ulivyo, na wenzio wajifunze kuishi nawe. Na vile vidonge, tutarudi wote wawili kwa daktari tumweleze."

Nililia siku ile, bila sauti. Lakini nawaambia wazi kwamba sikuona msaada bado. Mimi kujijua hakukumrudisha mtoto. Mahindi yalikuwa yameanza kutoa ndevu. Nikamwambia hivyo, naye akakiri: "Mavyaa yako siwezi kumlazimisha. Naweza kumwomba nije nimsalimu."

Alikuja. Akamsalimu mavyaa salamu ndefu, ya heshima, mpaka nikachoka kwa niaba yao. Wakakaa ukumbini: mavyaa na binti yangu mapajani, wifi mkubwa, mume wangu, na mimi mlangoni na makuti yangu. Mama wa Malindi hakunitetea. Aliniuliza mbele yao jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza.

"Mwanangu, bavyaa alipokufa, ulimlilia?"

"Nilimlilia."

"Mwongo!" wifi akadakia. "Wapi? Nani alikuona?"

"Ulimlilia vipi?" mama akauliza, kama kwamba wifi hakusema.

"Nilimshonea," nikasema. Zaidi ya hapo maneno yalikatika. Nilitazama sakafu. Nilijua nimeshindwa tena.

Ndipo mume wangu akasimama. Mnamjua, ni mtu anayeweza kumaliza paa zima bila kutoa neno. Alisema, "Mama, kibanda tulichomjengea baba juu ya kaburi, makuti yake niliyatoa wapi?"

Mavyaa akasema hajui, labda yalinunuliwa.

"Niliyakuta shamba la muhogo siku ya mazishi, rundo limenifika kiunoni. Mkono wake naujua. Hayo ndiyo yaliyomfunika baba. Nilinyamaza kwa kuwa niliogopa maneno ya watu."

Mavyaa alimtazama mama wa Malindi, si mimi. "Sasa, mwanamke mwenzangu, mtu hulia kwa makuti?"

"Huyu hulia hivyo."

"Mimi nilitaka machozi tu," mavyaa akasema, sauti ikampungua. "Mume wangu kafa, nilitaka kuona machozi."

Hakuniomba radhi, na sikungoja aniombe. Akamsogeza mtoto kutoka mapajani, akamwambia, "Nenda kwa mamako." Kisha akasema na ukuta: "Na asubuhi akinisalimia, asimame kule kwenye mnazi wa uani. Ainue mkono. Inatosha."

Tulipanga mengine na mama wa Malindi polepole. Kwenye hanga, mimi hushona makuti ya kibanda cha kaburi kabla watu hawajafika, na ngoma zikiingia mimi hutoka, na mume wangu huwaambia wageni niliko. Kanisani hukaa hapa dirishani. Kwa daktari vidonge vilipunguzwa, kisha vikaachwa.

Sikuponywa, ndugu zangu. Msiende nyumbani mkasema dada yule aliponywa. Ngoma bado inanishika meno. Wako wanaovuta watoto wao hadi leo, na sina la kuwafanya. Mama wa Malindi alihamishwa, na siku aliyoniaga sikuweza hata kumpa mkono; alicheka, akainua wake.

Namshukuru yeye popote alipo. Namshukuru muuguzi aliyeona nimesimama mbali. Namshukuru mume wangu kwa maneno yake ya siku ile. Na ninyi nawashukuru kwa kuacha ngoma kimya asubuhi hii. Kama kuna la kujifunza kwangu, ni hili: kabla hamjamtibu mtu, mwulizeni inamuuma wapi, halafu ngojeni jibu, hata likija kwa njia msiyoizoea.

Nimalizie na jambo la mwaka huu. Binti yangu sasa yuko shule, anakunywa maziwa ya Nyayo wanayogawiwa huko, na alikuwa akipiga gumzo na bibi yake mpaka siku ya mwisho ya bibi. Maana mavyaa naye tumemzika, mnajua. Nilikuwa shamba la muhogo na sufi masikioni. Mama mmoja mgeni, wa kutoka Magarini, aliuliza kwa ukali mbele ya kilio, mke wa mwana yuko wapi, mbona hatumwoni? Binti yangu ndiye aliyenisimulia. Anasema wifi yangu mkubwa, yule yule, alifuta macho yake kwa leso, akaonyesha kidole upande wa muhogo.

"Mwacheni," akasema. "Yuko kule analia."