Papa Octave na Mkia wa R

Ijumaa hii, tarehe 30 Mei 2025, baada ya miaka thelathini na minne katika imprimerie yetu, nyumba ya uchapaji ya hapa Nyamianda, Papa Octave anavua aproni yake iliyojaa wino. Mimi Lionel, jirani yake wa meza kwa miaka tisa, nimepewa kazi ya kumwandika. Nina furaha hata nimeikosea sentensi hii mara tatu.

Aliingia mwaka 1991, herufi zilipokuwa za madini ya risasi na kupangwa moja moja kwa mkono. Hapo ndipo alipozijua kwa sura, kama mama anavyowajua mapacha wake. Bango la duka la dawa, mfuko wa saruji, hakuna kinachompita bila kutajiwa aina ya herufi zake. Kwenye harusi ya mdogo wangu aliitazama kadi ya mwaliko dakika nzima, kisha akaisifu herufi g. Bibi harusi bado anangoja zamu yake.

Lakini jambo kubwa ni lile la vitabu vya nyimbo. Ziwa lilipopanda, maji yaliharibu vitabu vya kwaya moja ya mtaa wa Songo. Nikavichapa upya mbio mbio, kwa maneno waliyoyakumbuka waimbaji na kwa herufi za kisasa zisizo na vile vijistari vya miguuni kama vidole, nikajiona fundi. Jumapili iliyofuata Mama Pélagie, kiongozi wa kwaya kwa miaka ishirini, alikifungua kitabu, akakifunga, akaenda kukaa benchi la nyuma. Akasema anaacha kuimba. Papa Octave peke yake ndiye aliyemfuata nyumbani, akaambiwa siri ambayo leo Mama Pélagie mwenyewe ameniruhusu kuiandika: “Minye sijue kusoma. Kila wimbo nilikuwa najua sura yake. Sasa yote iko wageni kwangu.”

Ili tuzirudishe herufi za zamani, katika vitabu vile kilikuwa kimesalia nusu ukurasa tu, uliokaushwa juani. Nikasema haraka kwamba ni herufi za aina ya Times. Papa Octave akachukua kioo chake cha kukuzia. “Weye Lionel, angalia mukia ya R. Iko inapanda!” Kweli, mkia wa R ya Times hunyooka na kushuka tu. Akanionyesha tone kichwani mwa a na matumbo mawili ya g, kisha akapekua katalogi zake za zamani za herufi siku tatu nzima. Siku ya tatu akapiga kelele kama mtu aliyefunga goli: Century Schoolbook! Tulirukaruka imprimerie nzima, kisha tukachapa upya, kila wimbo mahali pake pa zamani kama Mama Pélagie alivyopakumbuka.

Mama Pélagie alikifungua, akacheka, akarudi mbele. Nililia, wala sioni haya kusema.

Papa Octave, asante kwa macho yako na kwa uvumilivu wako kwa sisi wenye haraka. Mungu akupe afya, usingizi wa asubuhi na wajukuu wengi wa kuwasumbua kwa herufi. Programu hii ya sherehe yako tumeichapa kwa Century Schoolbook. Wimbo wa kukuaga umo ndani. Ukurasa hatuutaji: Mama Pélagie ataufungua mwenyewe.