Kimya cha Mteremko wa Kwale

Asalaam aleikum, wasikilizaji wapendwa, na hamjambo nyote. Asubuhi hii tunamkumbuka Mwalimu Kisilu, tuliyemzika Jumamosi. Kazi yake ilikuwa kuwafundisha wasioona kutembea kwa fimbo nyeupe, hapa Kwale.

Mwanafunzi wake wa mwisho ni Mwanatumu. Mtoto wake anasoma chekechea, ng'ambo ya barabara. Mwanatumu alitaka jambo moja tu: kwenda yeye mwenyewe kumchukua mwanawe.

Mwalimu alimfundisha kusikiliza. Pakiwa kimya, vuka. Siku moja palikuwa kimya, akapiga hatua. Mwalimu akamvuta kanga kwa nguvu. Pikipiki ikapita mbele yao, injini imezimwa.

Wasikilizaji wapendwa, injini ilikuwa imezimwa. Kwenye mteremko wa kwenda Kombani, wengi huzima ili kuokoa mafuta. Mwalimu, mtu wa bara, hakuwa amelifikiria hilo.

Akaenda kwenye steji ya bodaboda, akawaomba waendeshaji wasizime injini.

"Mwalimu, petroli haiokotwi njiani," akasema mwendeshaji mmoja, Chome. Wenzake wakacheka.

Mwalimu akamfunga kitambaa machoni, akamsimamisha kando ya lami. "Niambie pikipiki ikija."

Chome akasubiri. "Mbona haiji?"

"Imeshapita."

Tangu siku hiyo Chome hazimi. Wengine bado wanazima. Kwa hiyo mwalimu alibadili somo: pakiwa kimya, usivuke kwanza. Sikiliza magurudumu. Naye alisimama nyuma ya Mwanatumu, hasemi neno.

Akafariki kabla ya kumwacha avuke peke yake.

Bi Fauzia, mama yake Mwanatumu, alimkataza. "Aliyekuvuta kanga hayupo, mwanangu. Atakuvuta nani?"

"Hakunivuta tena tangu siku ile, mama."

Jumatatu Mwanatumu alisimama kando ya barabara. Kimya. Hakuvuka. Pikipiki ikateremka, injini imezimwa, ikapita. Akasikiliza upya. Akavuka.

Bi Fauzia alikuwa nyuma yake, pale alipokuwa akisimama mwalimu. Alituambia: "Niliiuma kanga yangu nisimwite."

Kwa mjane wa mwalimu, Mama Syovata, na watoto: poleni sana. Mwenyezi Mungu awape subira.

Nasi tuliobaki tutafakari. Chekechea hufungwa saa sita mchana. Leo pia Mwanatumu atasimama pale, akisikiliza. Wewe unayeteremka kwenda Kombani, washa injini.