Mzee Bartolomeo Haumwi Macho

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata mama yangu: Mzee Bartolomeo Kikoti haumwi macho. Nitaeleza. Kwanza niandike maneno ya kumuaga kama dada Blandina, meneja wetu, alivyoniagiza.

Mzee Bartolomeo anastaafu Ijumaa hii, tarehe 28 Novemba, baada ya kuitumikia studio yetu ya Soweto, hapa Mbeya, kwa miaka ishirini na miwili. Ni mzaliwa wa Kalenga, Iringa. Alianza kama dereva wa kusambaza kanda za kwaya. Studio ilipoingia kwenye kazi ya kuweka sauti za Kiswahili katika tamthilia za nje, mtu aliyepangwa kuwa mfalme aliharibikiwa na gari Makambako. Mzee alikuwa anashusha maboksi. Akaambiwa ashike maiki kidogo tu, mwenyewe akifika ataiachia. Mpaka leo hajaiachia.

Watazamaji wanamjua bila kumjua. Kwenye tamthilia ya “Mlango wa Jana”, mtoto wa shule anafungua stoo ya bibi yake na kutokea karne nyingine, na kila karne kuna mtu maarufu anayemsubiri. Sauti ya mtoto ni yangu, mimi Tupo. Watu maarufu, karibu wote, ni Mzee. Amekuwa Napoleoni, amekuwa Kolumbasi, na siku dada wa zamu alipokauka koo akawa Kleopatra. Hakuna mtazamaji aliyelalamika. Mmoja alituma ujumbe kusema huyo malkia anaonekana ametoka familia ya kazi.

Siku ya Newton tulihitaji mlio wa tofaa likiliwa. Brayson, fundi mitambo wetu, alikosa matofaa sokoni akaleta parachichi, ambalo hata ukiling'ata kwa hasira halitoi sauti. Mzee alikula lote, akafuta mdomo, akamwambia, “Mwanangu, sasa katafute karoti, mvutano wa dunia unatusubiri.”

Lakini linalokumbukwa zaidi ni la Napoleoni. Mzee, kwa mazoea ya kwao, aliingia mbele ya jeshi na kulisalimia, “Kamwene!” Hakuna aliyeshtuka, ikaenda hewani hivyo hivyo. Iringa walipiga simu kushukuru kwamba hatimaye Wahehe wametambuliwa. Wanyakyusa wa hapa Mbeya nao wakauliza wao wamekosa nini. Wiki iliyofuata Kolumbasi aliteremka kwenye meli na kusema, “Mugonile,” amani ikarudi.

Mimi nimesoma kwa lugha mbili, kwa hiyo humsomea mswada wa Kiingereza na kumweleza maana. Yeye husikiliza mpaka mwisho, halafu huuliza, “Haya, Tupo, huyu mtu angezaliwa kwetu angesemaje?” Hiyo ndiyo namna yake ya kufanya kazi, na ndiyo maana wafalme wake wanaeleweka mpaka jikoni.

Mwaka jana tulitengeneza vipindi vyetu wenyewe, na mlango wa stoo ukafungukia Kalenga, kwa Mkwawa. Hapo Mzee hakutania. Aliomba ruhusa, akaenda nyumbani, akarudi, akashika maiki. Sote tulitegemea angurume. Badala yake alimtoa kwa sauti ya chini kabisa, sauti ya mtu ambaye wengine hunyamaza ili wamsikie. Brayson alisahau kuzima mitambo. Mimi nilikuwa nimempa Mzee mgongo, nikasikia kama kuna mtu wa tatu chumbani.

Nimempa mgongo. Hapo ndipo kwenye jambo langu.

Nilikuja studio nikiwa na miaka kumi na mitatu. Kwenye majaribio mama alinipeleka, na nilisoma nikiwa nimeangalia kiatu. Siku ya kwanza ya kurekodi, mbele ya watu, sauti haikutoka. Brayson alianza upya, tena na tena. Dada Blandina aliangalia saa. Ndipo Mzee akasema, “Jamani, hiyo skrini inaniumiza macho. Niwekeeni nyingine huku ukutani.” Wakamwekea. Akageuka, akanong'ona, “Tupo, sikuoni. Sema.”

Nikasema.

Tangu siku hiyo tunarekodi tumepeana migongo, miaka minne sasa. Dada Blandina amemnunulia miwani mara mbili. Brayson humletea dawa ya matone, naye huipokea kwa heshima zote. Mtu huyo huyo akiwa getini husoma jina la basi lililoko ng'ambo ya barabara. Juzi nimesikia zawadi ya kumuaga ni kupimwa macho kwa daktari bingwa. Nimeona niseme mapema: macho yake ni mazima. Aliyekuwa mgonjwa ni mimi. Hiyo hela mnunulieni mbolea ya shamba lake la Kalenga.

Atakayechukua nafasi yake, kaka Lugano, ana sauti nzuri, ila amezoea kumwangalia anayeongea naye. Jumatatu tunaanza. Nimeogopa wiki nzima, na wiki nzima nimekuwa nikiuficha ukurasa huu chini ya mswada kila mlango ukiguswa. Nilipanga Brayson ndiye ausome siku ya sherehe, mimi nikae nyuma kwenye masufuria ya pilau.

Sasa nasikia buti za Mzee kwenye korido. Zinakuja huku. Ukurasa uko juu ya meza, sijaufunika.

Mzee wetu, asante kwa wafalme wote, na kwa ukuta. Studio nzima inakuombea mvua ya kutosha Kalenga, wajukuu wasumbufu, na nguvu za kuwakimbiza. Ijumaa nitasoma haya mwenyewe. Kaa kiti cha mbele uniangalie. Macho unayo.