Mama Sami wa Njia ya Jangwa: Maisha ya Marehemu Afaf Mitri Karadshe

Afaf Mitri Karadshe, ambaye mji huu wote ulimwita Mama Sami, alizaliwa hapa Madaba tarehe 12 Machi 1945, mtoto wa nne kati ya sita wa Mzee Mitri Salim na Bibi Nijme. Baba yake alilima ngano upande wa kijiji cha Main na alikuwa na lori moja la kubebea magunia. Mavuno ya mwaka 1958 yalipoiva, dereva wa lori akashikwa na homa, na kaka zake Afaf wakawa wanasukumana, kila mmoja akimtaja mwenzake. Mzee Mitri akachukua mto wa sebuleni, akauweka kwenye kiti cha dereva, akampandisha binti yake wa miaka kumi na mitatu.

"Mitri, huyo ni mtoto wa kike!" mama yake alipiga kelele kutoka mlangoni.

"Ngano haijui," mzee alimjibu.

Magunia yote yalifika ghalani. Nguzo moja tu ya ua wa jirani ndiyo iliyoanguka, na jirani mwenyewe aliisamehe.

Alisoma kwa masista hapa Madaba, kisha akamaliza sekondari ya wasichana mwaka 1963. Alipenda hesabu kuliko hadithi, na sista mmoja alimlalamikia kwamba hata sala zake anazikatia njia ya mkato. Mwaka 1965 alihitimu chuo cha ualimu Ramallah, na mwezi wa Septemba mwaka uliofuata akapata kazi ya kufundisha hesabu Kuwait. Wasichana wa Madaba waliokwenda mbali kiasi hicho peke yao walikuwa wachache. Baba yake alimsindikiza hadi Amman. Walipofika uwanja wa ndege ndipo akamwambia, "Ukichoka, rudi. Usipochoka pia, rudi." Naye kila kiangazi alirudi.

Huko Kuwait ndiko alikofahamiana na Jiryis Ayub Masarwe, mfamasia, mtoto wa Madaba kama yeye. Jiryis alikuwa mpole, mtaratibu, na alikuwa na jambo moja alilotaka lijulikane kabla ya posa. Mwaka 1957 alikuwa ndani ya lori pamoja na kaka yake Fuad, wakiteremka kona za bonde la Wadi Mujib, breki zikakatika. Fuad alifia palepale. Jiryis, kijana wa miaka kumi na mitano, alitoka akiwa mzima, akaapa hatashika usukani maisha yake yote.

"Kwa hiyo ujue," alimwambia Afaf, "mimi siendeshi gari. Leo wala kesho."

"Sijakuuliza kama unaendesha. Nauliza kama unaweza kukaa pembeni bila kunifundisha."

"Naweza."

"Basi nenda ukaongee na baba."

Walifunga ndoa tarehe 18 Julai 1971 katika Kanisa la Mtakatifu Georgi, hapa hapa tulipokusanyika leo. Mungu aliwajalia watoto watatu: Sami mwaka 1973, Rima mwaka 1976 na Basel mwaka 1980. Na Mzee Jiryis aliitimiza ahadi yake ya kukaa kimya, ingawa watoto wote wanakumbuka mguu wake wa kulia ukikanyaga zulia kila gari lilipofika kona, kana kwamba chini yake kuna breki.

Mwaka 1979 ndipo ilipoingia Marsedi katika familia. Ilikuwa ya mwaka 1976, ndefu, rangi ya mvinyo, viti vya ngozi na ubao uliong'arishwa mbele ya dereva. Ilitoka kwa mfanyabiashara mmoja wa Kuwait aliyebadilisha magari kama watu wanavyobadilisha kanzu. Mzee Jiryis aliizunguka mara mbili, mikono nyuma.

"Mama Sami, hili ni gari la waziri. Sisi ni mwalimu na mfamasia."

"Waziri anaenda nalo ofisini na kurudi. Mimi nitalivusha jangwa."

Kiangazi kile alilivusha. Waliondoka Kuwait alfajiri, wakapita Basra, Baghdad na Rutba, mpaka wakatokea mpakani Ruweshid na kuteremka Madaba. Bibi Nijme alikuwa amewasubiri barazani tangu jana yake na sufuria ya mansaf, wali na nyama ya kondoo, jikoni. Kwenye kiti cha abiria alikaa Mzee Jiryis na kikapu magotini: mkate wa majani ya zaatari, mayai ya kuchemsha, matango, na chupa ya chai yenye majani ya mramia. Kazi yake ilikuwa kumenya na kulisha. Askari wa mpakani walipenda kumwuliza yeye leseni.

"Dereva ni huyu," alikuwa akijibu.

"Na wewe?"

"Mimi ni abiria, tangu mwaka sabini na moja."

Vita vya Iraki na Irani vilipoifunga njia ya Basra, ilibidi wapite Saudia, ambako wakati huo mwanamke hakuruhusiwa kuendesha. Kaka yake Nabil alipanda ndege hadi Kuwait ili aje awaendeshe. Mama Sami alikaa kiti cha nyuma na watoto, akatulia kwa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai. "Nabil, gia. Nabil, lori. Nabil, hiyo ni barabara, si shamba la baba." Walipokaribia mpaka wa Arar, Nabil aliegesha gari pembeni na kuinua mikono: "Dada, nakuomba kwa jina la Bikira, lala!" Alikuja kuwaendesha miaka saba mfululizo, na kila mwaka aliapa kuwa ndio wa mwisho.

Kisha ikaja Agosti ya mwaka 1990. Kuwait ilipovamiwa, familia ilingoja wiki tatu, kisha tarehe 27 wakafungia maisha ya miaka ishirini na minne ndani ya buti moja wakaingia barabarani, safari hii tena kwa njia ya Iraki. Barabara ilijaa magari yenye magodoro juu. Walipoipita Rutba, katika jua la mchana, wakaiona motokaa ndogo nyeupe imeegeshwa ukingoni, boneti wazi, na mwanamume amesimama na dumu tupu mkononi. Mkewe alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mlango, mjamzito, na mama mkwe akimpepea kwa kipande cha boksi. Magari yalikuwa yakiwapita. Mama Sami akasimama.

Mwanamume huyo ni Bwana Adnan Jarrar, mwalimu kama yeye, na mkewe ni Bibi Hiyam. Injini yao ilikuwa imekufa kabisa.

Mzee Jiryis alishuka, akatazama, akamvuta mkewe pembeni. "Mama Sami, gari letu lina miaka kumi na minne. Tuna watoto watatu. Likitufia hapa, nani atatuvuta sisi?"

"Hayo ndiyo wanayosema wote wanaopita."

Rima, aliyekuwa na miaka kumi na minne, aliwaona wazazi wake wakitazamana kwa muda, upepo wa moto ukivuma kati yao. Kisha baba yake akafungua buti, akaanza kushusha masanduku ili kuitafuta kamba.

Bibi Hiyam na mama mkwe walihamia kwenye viti vya ngozi. Sami na Basel walikwenda kwenye gari dogo pamoja na Bwana Adnan. Mama Sami aliondoka kwa gia ya kwanza, polepole, kama mtu anayembeba mgonjwa. Mshale wa joto ulipoanza kupanda, aliteremsha vioo vyote na kuwasha hita, ili joto litoke kwenye injini liwajie wao. Bibi Hiyam anasema hajawahi kuvuja jasho vile hata siku ya kujifungua. Kamba ilikatika, wakafunga fundo. Ikakatika tena, wakafunga la pili. Jua likielekea kuchwa, magari mawili yalifika mpakani yamefungwa pamoja, na askari mmoja akauliza, "Harusi ya nani hii?"

"Ya kwangu," alijibu Mama Sami, "na bibi harusi amechoka, tupishe."

Tarehe 19 Novemba mwaka huohuo Bibi Hiyam alijifungua salama Amman, mtoto wa kike. Walimpa jina la Afaf. Binti huyo yuko hapa leo, na wazazi wake wako hapa.

Klachi haikupona baada ya safari ile. Marsedi ilikaa uani chini ya turubai hadi ilipotengenezwa mwaka 1993, na Mama Sami akaanza upya kufundisha hesabu, sekondari ya wasichana hapa Madaba, mpaka alipostaafu mwaka 2005. Wanafunzi wake walijua kuwa katika kila mtihani wake kuna gari linaloondoka Madaba na jingine linaloondoka Akaba, na kwamba kwake mwenda mbio ndiye anayechelewa, kwa kuwa lazima asimame apoze injini.

Baada ya kustaafu ndipo hasa walipotembea. Kila majira ya kuchipua, tangu 2006 hadi 2010, walipanda Damasko na Aleppo, wakavuka Antakia, na mwaka mmoja wakafika hadi Trabzoni, kwa sababu Mama Sami alisikia kuwa huko mvua hainyeshi bali inakaa. Watoto walimsihi anunue gari dogo jipya. Alisema gari jipya ni kama mgeni wa heshima: hujui atachukia nini. Hili la zamani analijua hata kikohozi chake.

Sukari ilimwanza mwaka 2008, na kidogo kidogo ikaenda machoni. Mwezi wa Mei 2017, akirudi sokoni, alikwaruza ukuta wa kanisa ambao amekuwa akiupita tangu utotoni. Aliegesha gari nyumbani, akaweka funguo juu ya meza. "Basi," akasema, na hakulia. Mwaka uliofuata figo zilishindwa, ikabidi apelekwe Amman mara tatu kwa wiki kusafishwa damu kwa mashine. Sami yuko Kanada, Basel yuko Dubai, Rima ana kazi na watoto. Walipanga zamu, walitafuta teksi. Jioni moja Mzee Jiryis, mwenye miaka sabini na sita, akawaambia, "Nitampeleka mimi."

Watoto walidhani anatania. Mama Sami hakucheka. "Chukua funguo," alimwambia.

Alimfundisha mwenyewe, kwenye barabara za mashamba ya Main, yeye akiwa kiti cha abiria haoni zaidi ya mwanga na kivuli, akisikiliza injini.

"Klachi, Baba Sami, iachie taratibu. Si mende huyo unamkanyaga."

"Uliniahidisha nisikufundishe! Miaka arobaini na saba nimenyamaza!"

"Wewe uliahidi. Mimi sikuahidi."

Mzee alianguka mtihani wa udereva mara mbili. Mara ya tatu, tarehe 14 Novemba 2018, alirudi nyumbani na leseni, akaisimamisha mezani kama picha ya mtakatifu. Tangu siku hiyo hakukosa kumpeleka mkewe hata mara moja, akiendesha kwa mwendo wa punda, malori yakimpigia honi nyuma.

Mwezi wa Aprili mwaka huu Mama Sami alisema anataka kusikia bahari ya Akaba. Wakachagua siku mbili zisizo na mashine. "Twende njia ya jangwa," alisema, "ni nyoofu." Mzee Jiryis akasema watapita Karak, kwa njia ya zamani. Wote wawili walijua njia ile inapita wapi. Rima alikuwa kiti cha nyuma, na anasimulia kuwa mama yake alimshika baba mkono, akauliza, "Una hakika?" Baba akasema, "Sina." Akaingia Wadi Mujib.

Wakateremka kona kwa kona. Mama Sami alikuwa akisema kwa sauti ndogo, "Gia ya pili. Breki usizikumbatie. Vizuri. Vizuri, mume wangu." Katikati ya mteremko, mzee aliegesha, akashuka, akasimama ukingoni akalisema jina la kaka yake mara moja. Aliporudi, alimkuta mkewe, ambaye hakulia jangwani wala siku ya funguo, analia bila kujificha. "Endesha," alimwambia. Jioni walikaa ufukweni Akaba, wakala samaki, na Mama Sami akakataa kuondoka mpaka upepo ulipopoa.

Tarehe 6 Juni 2022, Jumatatu, ilikuwa siku ya mashine. Mzee Jiryis aliamka mapema, akatoka kuwasha gari ili injini ipate moto. Alipokuwa nje, Mama Sami aliaga dunia kitandani kwake, binti yake akiwa kando, akiwa na umri wa miaka sabini na saba. Rima alitoka kumwambia baba. Mzee alimsikiliza, akaitikia kwa kichwa. Aliiacha injini ikinguruma kidogo, mkono wake juu ya boneti, kisha akaizima na kuingia ndani kukaa naye.

Marehemu ameacha mume, Mzee Jiryis Ayub; watoto watatu, Sami, Rima na Basel; wakwe watatu na wajukuu saba; kaka yake Nabil na dada yake Suhela; familia ya Bwana Adnan Jarrar, ambayo yeye aliihesabu kuwa yake; na wanafunzi wake wa Kuwait na Madaba.

Mungu amweke mahali pa nuru na majani mabichi, pasipo maumivu wala kilio. Kumbukumbu yake idumu.